Siku yangu moja Jinja: vyambo, waya wa breki na magugu maji

Saa 11:30 alfajiri
Kabla sijanawa uso naangalia upepo. Hapa Walukuba, mtaa wa Jinja, Uganda, kando ya Ziwa Viktoria, upepo wa usiku hutoka nchi kavu kwenda ziwani, mchana unageuka na kuja huku kwetu. Magugu maji yanaelea, hayana mzizi ardhini, kwa hiyo upepo ndio unaoyapeleka. Asubuhi yanakuwa yamesogea nje na ghuba inapumua. Jioni yanarudi kujazana Masese, kwenye mwalo wa wavuvi, hadi mitumbwi isukumwe kwa miti. Mimi natengeneza vyambo vya bandia vya kuvulia sangara kwa ufito, na kilichonipatia wateja ni vyambo vinavyopita humo bila kurudi na shada la mizizi. Leo nataka kuvijaribu pabaya, basi ziwani ni jioni.

Saa 1 asubuhi
Chai ya maziwa na chapati kwa mama wa pale kona. "Fundi, lini utatuletea samaki badala ya vyuma?" Namwambia samaki ni wa wateja, mimi ni wa vyuma. Anacheka, ananiongezea chai. Walukuba ilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda waliotoka kila upande, ndiyo maana Kiswahili hapa hakimshangazi mtu.

Saa 2 asubuhi
Kazi ya leo ni dazeni moja ya vijiko, yaani vyambo vya bati vyenye umbo la kijiko, kwa kijana anayewapeleka wageni kuvua. Nakata bati la shaba, nalipiga kwa nyundo ya mbao juu ya gogo lenye shimo mpaka lipinde, kisha msasa. Wazo si langu. Wamarekani walikuwa na Johnson Silver Minnow tangu miaka ya 1920: kijiko chenye ndoano moja iliyoganda mwilini, ncha ikitazama juu, na waya mwembamba mbele yake wa kuzuia magugu. Bado kinauzwa. Ndoano ya ncha tatu inayoning'inia nyuma ni nzuri kwenye maji matupu, lakini kwenye magugu ni reki tu.

Tumbo la kijiko ndilo zito, na ndoano imelehemiwa upande wa juu, kwa hiyo kikivutwa hakipinduki. Ncha inabaki juu, mzizi unaokuja kwa chini unapita chini. Wengi wanaonitembelea huangalia waya kwanza. Mimi naangalia pua. Pua ikiwa butu, au tundu la kufungia mshipi likikaa mgongoni, uchafu unasimama pale pale hata ukiweka waya kumi. Tundu linatakiwa liwe kwenye ncha kabisa na mwili upanuke polepole kuelekea nyuma, ili jani likigusa mshipi liteleze hadi mkiani lianguke. Hata fundo linakusanya uchafu. Nawaambia wateja wakate mkia wa fundo karibu kabisa, hawasikii.

Saa 4 asubuhi
Sasa waya. Nanunua kebo kuukuu za breki kwa fundi baiskeli wa jirani, naifungua na kutoa uzi mmoja mmoja. Ni chuma chenye springi, ukikipinda kinarudi. Nalehemu mguu wake puani, mkono wake nauleta hadi mbele kidogo ya ncha ya ndoano, nusu sentimita juu yake.

Hapa ndipo kazi yote ilipo. Waya unaoizuia ndoano isiguse gugu unaizuia pia isiguse mdomo wa samaki. Gugu halijui kuuma, linasukuma taratibu na kwa pembeni. Samaki anabana kwa nguvu, juu na chini. Waya mzuri unakataa la kwanza na kukubali la pili. Kwa hiyo naubonyeza kwa ncha ya kidole cha mwisho, kile kidogo. Usipolegea kwa kidole hicho, ni mgumu mno, naupunguza unene kwa tupa. Ukilegea kwa kupulizwa, nautupa. Waya mbili zilizofunguka kama V zinalinda vizuri zaidi ya mmoja, lakini zinataka samaki mwenye taya kubwa, na si kila sangara ni mkubwa.

Saa 5:30
Umeme umekwenda. Drili imekufa, nahamia kwenye vyura vya kandambili. Ziwa linaleta ndala ufukweni kila siku, na sponji yake inaelea vizuri. Nachonga chura, naipitisha ndoano pacha ili ncha mbili zilale kando ya mgongo, zimegusa sponji. Kambare akibana, sponji inabonyea na ncha zinajitokeza. Chura huyu hupita juu ya nyasi zilizolala. Juu ya magugu maji yenyewe hakuna chambo kinachopita, asikudanganye mtu: majani yamesimama wima, mengine yanafika magotini.

Saa 7 mchana
Kikomando, yaani chapati iliyokatwakatwa ndani ya maharage. Nakula nimesimama.

Saa 9 alasiri
Nina pipa la maji nyuma ya nyumba, nimelijaza magugu. Uzuri wa magugu maji ni ua lake la zambarau. Ubaya wake uko chini. Mizizi ni myeusi, ina manyoya kama ya kuku aliyelowa, na manyoya hayo ndiyo yanayoshika ndoano. Navuta kila kijiko kwa mkono katikati ya mizizi, mshipi ukiwa kidoleni ili nisikie. Kinachopita kinatoa mtikisiko mfupi na kuendelea. Kinachonasa kinakuwa kizito ghafla. Viwili vinarudi mezani, pua zao zina kingo kali mahali lehemu ilipomwagika.

Saa 11 jioni
Masese. Mjomba mmoja ananichukua kwenye mtumbwi wake wa futi 28, wenye leseni. Midogo zaidi hairuhusiwi. Mgeni angetupa chambo katikati ya magugu akidhani samaki wote wamejificha humo. Chini ya zulia lile hewa ndani ya maji ni kidogo. Kamongo na kambare wanavumilia kwa sababu wanapanda kupumua hewa ya juu. Sangara hawezi, anataka maji yenye oksijeni, kwa hiyo anakaa ukingoni na kuvizia samaki wadogo wanaotoka. Chambo chetu kinatakiwa kianguke shubiri moja kutoka ukingo wa magugu, kizame kandokando ya mizizi, kisha kitoke.

Tunatupa. Kijiko cha V kinatoka safi kila mara, sangara wanakigonga na kukiachia. Cha waya mmoja kinaleta uzi wa mzizi mara moja moja, lakini kinashika. Mjomba anavuta mmoja, anampima kwenye alama aliyochonga ubavuni mwa mtumbwi. Hajafika sentimita 50 ambazo sheria inataka. Anamrudisha, akinung'unika kwamba chambo changu hakijui kusoma.

Saa 2 usiku
Umeme umerudi. Nakata waya mmoja kwenye kila V, nanyoosha uliobaki uwe katikati ya ndoano. Kijana wa wageni anapiga simu: "Fundi, kesho saa ngapi?" Namwambia saa 4, na kwamba vya waya mbili havipo tena. Analalamika kuwa wageni wake wanapenda kuona kinga nyingi. Namjibu wanunue neti. Anacheka, anaomba apunguziwe bei kwa sababu waya umepungua. Nimekataa. Kuondoa kumenichukua muda kuliko kuweka.