Kupigwa kijembe huku umeshika gitaa

Tangu jioni narudia wimbo mmoja tu, "Dreams" wa bendi ya Fleetwood Mac. Majirani nadhani wameshaukariri. Sauti ya Stevie Nicks, ile yenye mikwaruzo, haina mfano, lakini leo kilichonishika ni gitaa. Linaingia taratibu, linavimba, linanywea, halimkatizi mwimbaji hata mara moja. Anayelipiga ni Lindsey Buckingham, na anayeimbwa ni yeye huyo huyo.

Mwanzoni mwa 1976 walikuwa wamejichimbia studio ya Record Plant, Sausalito, California, wakirekodi albamu ya Rumours. Stevie na Lindsey walikuwa wanaachana. John McVie wa besi na Christine wa kinanda, ndoa yao ilikuwa imeshavunjika. Mick Fleetwood, mpiga dramu, naye kwake hakukukalika. (Kazi walifanyaje, Mungu ndiye ajuaye.) Siku moja Stevie akajitenga kwenye chumba cha mwanamuziki Sly Stone humo humo studio, na kwa maelezo yake mwenyewe, dakika kama 10 zilimtosha kutunga "Dreams". Christine aliposikia mara ya kwanza aliuona unachosha. Aliyeupanga ukasimama ni Lindsey.

Sisi tuliokulia kwenye taarabu vijembe tunavijua. Mlengwa yuko ukumbini, atanuna, au atainuka kwenda kutunza kwa jeuri. Lakini ulengwe, kisha uambiwe upige gitaa, tena ulipige vizuri?

Naye Lindsey hakuwa ameonewa. "Go Your Own Way", uliotoka Desemba 1976, ni wake, na mle ndani kuna mstari unaomsema Stevie vibaya. Stevie aliomba utolewe, haukutolewa, na sauti za kuitikia akaziimba. Kwangu mimi jibu lake Stevie, yaani "Dreams", ndilo lililouma zaidi, maana halina matusi: anampa ruhusa aende, kisha anamwonya kwamba upweke utamkuta huko huko. Juni 1977 wimbo ukashika namba 1 Marekani, na bendi hiyo iliyoanza 1967 haijapata wimbo mwingine wa namba 1 kule.

Lindsey aliondolewa kwenye bendi 2018. Miaka miwili baadaye jamaa mmoja wa Idaho alijirekodi akiteleza na ubao barabarani, anakunywa juisi huku "Dreams" ukilia, na dunia nzima ikamwiga. Lindsey naye akaiga: juu ya farasi, juisi mkononi, kwa wimbo ule ule.