Usitupe hadidiski ya zamani, DVD ndo inatakiwa itoke

Kama laptopu yako ina DVD pembeni na hukumbuki mara ya mwisho kuweka CD humo, basi jua kuna nafasi ya bure umeikalia. Pale panaingia diski ya pili, ya ndani kabisa, sio ile ya kuning'inia na waya wa USB ukiguswa kidogo tu inakata katikati ya kukopi.

Nimekumbuka kuandika hii kwa sababu ya dogo mmoja wa mtaani kwetu, anapiga picha na video za harusi, sendoff, kichen pati, na mashine yake ni HP ProBook ya mtumba yenye hadidiski ya GB 500 ambayo ilishajaa mpaka ule mstari wa C umekuwa mwekundu. Fundi akamwambia toa hiyo tupa, weka SSD (diski ya kisasa isiyozunguka, yenye spidi kubwa) ya GB 256, mashine itaruka. Ni kweli itaruka, lakini GB 256 kwa mtu wa video ni nini jamani? Akaja kuniuliza, kaka sasa nibaki na ipi? Nikamwambia zote mbili.

Kinachotakiwa ni kedi. Ni fremu yenye umbo lile lile la DVD ila ndani ni tupu, unalaza diski humo halafu unaisukuma kwenye nafasi ya DVD. Huwezi kuchomeka hadidiski moja kwa moja pale kwa sababu plagi ya umeme ya DVD ni ndogo, ina pini 6, wakati ya hadidiski ina 15, kwahiyo kedi ndo inaunganisha hizo mbili. Umeme unaofika pale ni volti 5, na diski za laptopu za inchi 2.5 zinatumia hizo hizo 5 so hamna shida, ila ile diski kubwa ya desktopu ya inchi 3.5 sahau, inataka na volti 12.

Sasa hapa ndo watu wanapoteza hela: kedi zipo za unene wa milimita 12.7 na za 9.5, na ukiziona dukani Kariakoo zimepangwa hivi huwezi kutofautisha kwa macho. Usiende na jina la laptopu tu, chomoa DVD yako uende nayo mkononi muilinganishe pale pale. Na diski yenyewe pia uipime, maana kuna kedi nyembamba zinapokea diski ya milimita 7 tu, ile nene ya 9.5 haizami.

Kitu ambacho kinaniuma kwa mafundi wengi ni kwamba SSD mpya wanaitupia kwenye kedi na hadidiski ya zamani wanaiacha pale pale ilipokuwa, kwa sababu DVD inatoka kwa skrubu moja wakati kufika kwenye diski kuu mashine nyingine mpaka uvue kava lote la chini. Mteja hajui, analipa, anaondoka. Kwenye laptopu kadhaa za zamani ile njia ya DVD ni SATA 2 (SATA ndo njia ambayo diski inapitishia data), yaani spidi yake nusu ya SATA 3, kwahiyo SSD yenye uwezo wa MB 500 na kitu kwa sekunde unaibana mpaka chini ya 300. Hadidiski ya kuzunguka yenyewe inacheza kwenye MB 100 hivi, ukiiweka kwenye njia hiyo haipotezi chochote. SSD ikae nafasi kuu na Windows yake, ya zamani iende kwenye kedi ibebe mafaili. Ubaya wake ni mmoja, nafasi kuu mara nyingi ina raba za kupunguza mtikisiko na kedi haina, so ukiwa unakopi usiinyanyue mashine.

Kufunga sasa. Kwanza angalia kama BitLocker, ile kufuli ya Windows inayofunga diski, imewashwa, ikiwa imewashwa hakikisha una ile rikavari kii (namba ndefu ya kuifungulia) kabla hujagusa kitu. Zima kabisa, toa chaji, toa betri. DVD ikishatoka ingiza pini ya kutolea laini ya simu kwenye kile kitundu kidogo cha mbele, trei itafunguka hata bila umeme, ndo utaona vile vikucha vya plastiki vilivyoshika kifuniko cha mbele. Vibonyeze kwa ukucha taratibu maana vinavunjika haraka, halafu hamishia hicho kifuniko kwenye kedi pamoja na kile kibati cha nyuma chenye tundu la skrubu, bila kibati kedi itakuwa inachomoka chomoka.

Ukiwasha ingia BIOS, ile menyu ya mashine kabla Windows haijawaka, kwa HP unabonyeza F10, uweke SSD iwe ya kwanza, maana ya zamani bado ina Windows yake. Na Windows ikikuuliza kama u-format, yaani ufute kila kitu, hiyo diski yenye kazi zako, kataa, chomoa kwanza ujue tatizo ni nini.

Ambao laptopu zenu hazina DVD msikate tamaa, mfano EliteBook 840 G3 ina nafasi ya M.2 ya 2280 (ya zile SSD ndogo nyembamba kama kipande cha RAM) na bado ina ya inchi 2.5, zote mbili ndani.

Dogo sasa hivi mashine inawaka fasta na video zote zipo. Tulipima ile ya zamani na CrystalDiskInfo, programu ya kuangalia afya ya diski, ikasoma Good ila masaa iliyofanya kazi ni mengi sana, kwahiyo tumekubaliana harusi ambayo bwana harusi hajachukua flashi yake inakaa kwenye diski zote mbili mpaka aichukue.