Soksi za Mjomba Ndani ya Ahmedabad

Sikwenda Ahmedabad, India, kutalii. Nilimsindikiza mjomba kwenye matibabu, na siku ya tatu akanifukuza wodini: "We nenda kazurure, unaninyima usingizi."

Jamaa wa mapokezi hotelini akanishauri nikodi teksi ya siku nzima, tena nitoke saa sita mchana, eti ndipo watu wanakuwa wachache. Wachache kweli! Ilikuwa Mei, joto limepita digrii 40. Teksi yenyewe ilikwama Teen Darwaza, lango la kale la mji, kati ya mikokoteni na wauza nguo, nikalipa nikashuka. Mji ule mkongwe, ulioanzishwa 1411 na Sultani Ahmad Shah, si wa magari. Vichochoro vya mitaa yao, wanaiita pol, vingine ni vyembamba kama vya Mji Mkongwe wa Unguja.

Nikaingia Jama Masjid ya 1424. Ua wake ni uwanja mzima wa mawe, na viatu unaviacha mlangoni. Hatua kumi za kwanza nilijikaza kiume. Ya kumi na moja nikaanza kurukaruka kama kuku aliyekanyaga jivu la moto. Nikapenya kwenye msitu wa nguzo, zaidi ya 200, nikakumbatia moja kwa ubaridi wake. Hapo ndipo nikakumbuka kwamba viatu viko ng'ambo ya ule ule moto. Mzee mmoja aliyejiegemeza karibu hakusema neno. Alinyoosha tu mguu, nikauona: soksi nene za sufu. Nilisubiri saa nzima jua lipungue.

Kesho yake nikachukua soksi za mjomba, zile alizonunua kwa ajili ya baridi ya ndege, nikatoka saa tisa na nusu kwa bajaji. Dereva akataka rupia 300. Sikubishana, nikagonga mita kwa kidole. Akacheka, akaiwasha, haikufika hata 100.

Safari hii nilikwenda msikiti wa Sidi Saiyyed, na saa ndiyo siri yake. Ukuta wa nyuma unaelekea magharibi, kwa hiyo alasiri jua linapenya kwenye madirisha ya mawe yaliyochongwa. Moja ni mti wenye matawi yaliyosokotana na mti kama mnazi katikati. Ukilitazama kwa karibu huamini ni jiwe, unaona kama kitambaa cha lesi. Na aliyeujenga, mwaka 1572 na 1573, ni Mhabeshi, mtu wa Afrika! Jamaa wa mapokezi hakunitajia hata hilo. Nilisimama pale na soksi zangu nene, kifua mbele, utadhani ni babu yangu mzaa mama.

Usiku nilipitia Manek Chowk, soko linalobadilika kama kinyonga: asubuhi mboga, mchana masonara, usiku vyakula. Kuleni huko, mchana mtaambulia bei za dhahabu tu. Nilikula pav bhaji, rojo la mboga na mikate, iliyozama kwenye siagi, kwa hela ya chipsi mayai.

Nikarudi hospitali nikitamba, nikamwonyesha mjomba picha moja baada ya nyingine. Akazitazama zote kwa utulivu, kisha akashusha macho miguuni kwangu.

"Hizo soksi zilikuwa nyeupe."