Tiba ya mazungumzo huuma zaidi wiki za mwanzo

Mtu akikwambia alikwenda kwa mnasihi akarudi ameharibika zaidi, muulize aliachia kikao cha ngapi. Huenda ni cha tatu au cha nne, na hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza. Vikao viwili vya mwanzo ni maswali na maelezo: kilitokea nini, usingizi ukoje, unakwepa vitu gani, una fikra za kujiua au huna. Hilo la mwisho lijibu kweli bila ya kuona haya, maana ndilo linaloamua kama unafaa kuendelea na mazungumzo au uonwe na daktari siku hiyohiyo, kwa hapa Unguja hospitali ya Kidongo Chekundu au Mnazi Mmoja.

Si kila jitimai inataka tiba. Aliyefiwa akalia, akakosa hamu ya kula, akamuota maiti wake, huyo anaomboleza tu. Eda, hitma na majirani wanaoingia na kutoka hufanya kazi kubwa kuliko tunavyodhani. Hata Shirika la Afya Duniani haliyaiti majonzi maradhi mpaka yapite miezi 6, tena yawe yamezidi kile ambacho jamii na dini ya mtu inakiona cha kawaida. Kiwewe ni jambo jingine. Aliyenusurika meli ilipozama, MV Spice Islander mkondo wa Nungwi Septemba 2011, au MV Skagit karibu na kisiwa cha Chumbe Julai 2012, anaweza kuwa bado anashtuka usiku kwa harufu ya dizeli. Kwake tukio halijapita. Linajirudia kana kwamba ni sasa.

Tiba mojawapo yenye ushahidi mkubwa kwa hali hiyo ni ya kuikabili kumbukumbu. Huchukua vikao 8 hadi 15, kimoja au viwili kwa wiki, kila kimoja kama dakika 90. Unafunga macho, unasimulia tukio kwa wakati uliopo: “maji yanaingia, naisikia sauti ya mamangu.” Ukifika mwisho unaanza tena, kwa dakika 30 hadi 45, kisha mnazungumza juu ya yaliyojitokeza. Sauti inarekodiwa, na kazi yako ya nyumbani ni kuisikiliza kila siku mpaka kikao kijacho. Siku za mwanzo, kwa baadhi ya watu, ndoto mbaya huongezeka na moyo hupiga mbio. Hiyo haina maana kwamba umeharibika. Kitu kilichokuwa kimefungiwa kimefunguliwa, na huchukua muda kabla akili haijazoea kwamba kukumbuka si sawa na kuzama.

Hapa kwetu, taabu ni wapi utaisikiliza. Nyumba ina watu wanane, chumba ni cha watatu, na baraza ya nje haina siri. Tumia kisikilizio cha masikioni, weka neno la siri kwenye simu, na uchague baada ya alasiri kuliko usiku wa kulala. Usisikilize huku unapika au unaendesha vespa. Ukikosa kabisa pa kukaa, mwambie mnasihi. Anaweza kukupa chumba nusu saa kabla ya kikao. Usimwambie umesikiliza na hali hukusikiliza, kwa sababu atapanga hatua inayofuata kwa hesabu ya uongo.

Sehemu ya pili ya tiba hii ni ngazi ya vitu unavyovikwepa, kila kimoja kikipewa alama ya hofu kutoka 0 hadi 100. Kwa anayeogopa bahari inaweza kuwa hivi: picha ya meli 30, kukaa Forodhani ukiangalia maji 40, kusimama bandarini Malindi boti ikifunga gati 60, mashua mpaka kisiwa cha Changuu 75, safari ya Mkoani, Pemba, 95. Anza na kile cha 40 hivi. Kaa hapo mpaka hofu ipungue walau nusu, au dakika 45 zitimie, na urudie siku nyingi. Kosa kubwa ni kuondoka hofu ikiwa kileleni: nafuu unayoipata mlangoni inaifundisha akili kwamba umesalimika kwa kukimbia, na kesho hofu ni kubwa zaidi. Kosa la pili ni kwenda kimwili bila ya kuwepo, macho umefumba njia nzima na mkono umemkamata dada yako. Lakini hofu nyengine ni akili timamu. Chombo kilichojaza kupita kiasi, au kusi likivuma kwa nguvu, si mazoezi ya mtu yeyote.

Juu ya kisomo: sioni sababu ya kumfanya mtu achague. Anayesomewa Kurani na ndugu zake akatulia, na aendelee, ila amweleze mnasihi, na asiache vidonge vya daktari kwa sababu ameambiwa ni shetani. Pale panapoingia kufungwa kamba, kuchapwa au kunyimwa chakula, ondokeni. Kwa mwenye kiwewe hilo ni tukio jipya juu ya lile la zamani.

Jamaa nao wana sehemu yao, ndogo tu. Wasimhoji akirudi kikaoni, na wasiende bandarini badala yake kila mara kwa huruma. “Sahau tu” humfundisha kunyamaza.

Tiba ikienda vyema, alama za ngazi hushuka na simulizi hupata mwisho: “tukaokolewa, kukapambazuka.” Vikao vya mwisho huachanishwa, kwa mfano wiki mbili, kisha mwezi. Katika kimoja andika na mnasihi tarehe zitakazouma, kama ile 10 Septemba ya Spice Islander, siku ile utakuwa na nani, na dalili zipi zikizidi wiki mbili zitakurudisha kwa mnasihi bila ya kungoja uitwe.