Mchekeshaji Anaponyamaza

Jana usiku nimerudia kuitazama Good Will Hunting, ile filamu ya 1997, na nimekwama palepale ninapokwama siku zote: kwenye benchi la bustanini. Mchekeshaji Robin Williams kakaa na ndevu zake, anamweleza kijana aliyeigizwa na Matt Damon maana ya kulala umekaa kitini hospitalini miezi miwili, umeshika mkono wa mkeo. Kamera imemganda usoni. Mtu niliyezoea kumwona akirusha sauti kumi ndani ya dakika moja, hapa anayo moja tu, ya chini, na katikati ya maneno anaacha kimya.

Kile kimya ndicho kinachonimaliza. Wachekeshaji wanakijua kuliko waigizaji wengine wote, maana kazi yao ni kupima lini waseme na lini wangoje ukumbi uangue kicheko. Williams alitumia ujuzi uleule, ila safari hii hakuna kicheko cha kuziba pengo. Kwa hiyo siwaelewi wanaosema aliuacha ucheshi ndipo akapata tuzo ya Oscar kwa filamu hii. Hakuacha kitu.

Mo'Nique naye, aliyetoka kwenye vichekesho vya jukwaani, akaigiza mama katili katika filamu ya Precious ya 2009. Mwishoni anajitetea mbele ya ofisa wa ustawi wa jamii, nami najikuta namwonea huruma mtu ambaye dakika chache nyuma nilimchukia kabisa.

Nimelala nikimuwaza kaka yangu. Yeye ndiye mcheshi wetu. Akifungua mdomo tu, tumeshacheka. Siku moja tukiwa mezani alisema usiku hapati usingizi, kuna hofu inamkaba. Tukacheka wote, na kicheko changu ndicho kilichosikika zaidi. Akatabasamu, akaokota kijiko chake, akaendelea kula. Nakikumbuka kile kijiko. Alikishika muda mrefu kabla ya kukipeleka mdomoni, na mimi nilikuwa nimekaa ubavuni kwake.

Leo asubuhi nimempigia. Akaanza na mzaha wake wa kawaida, na kwa mara ya kwanza sikukimbilia kucheka. Nikamuuliza, "Kaka, usingizi siku hizi unaupata?" Akanyamaza. Nikangoja, simu sikioni, nasikia anavyopumua. Kisha akaanza kunieleza, taratibu, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.