Jinsi Nilivyowatenganisha Akina Bellini

Nilipokabidhiwa kazi ya kuandaa ukurasa kuhusu watu mashuhuri wenye jina la Bellini kwa ajili ya gazeti la ukutani la shule yetu, mwenzangu mmoja alinishauri nichore nasaba moja, kwa hoja kwamba jina likiwa moja na ukoo ni mmoja. Ushauri huo ungali unaniudhi, kwa maana ulinimalizia vifurushi vya intaneti vya fedha si haba. Mchoraji Gentile alifariki Venice mwaka 1507 na nduguye Giovanni, mchoraji pia, mwaka 1516, ilhali Vincenzo, mtunzi wa opera, alizaliwa mwaka 1801. Kila nilipomtafuta babu wa kuliziba pengo hilo la karibu miaka 300, niliambulia patupu.

Ndipo nilipoiweka miaka kando, nikatafuta kwa kila mmoja mambo mawili tu: mji aliozaliwa na mtu aliyemrithisha ufundi. Mara wakajitenga wenyewe. Huko Venice, Jacopo aliwafunza wanawe Gentile na Giovanni uchoraji, na binti yake Nicolosia akaolewa mwaka 1453 na mchoraji Andrea Mantegna. Hao kweli ni nyumba moja. Huko Catania, kisiwani Sicily, babu na baba wa Vincenzo walikuwa wanamuziki, wala hapakuwa na brashi.

Wanaowachanganya wale ndugu wawili nawasihi wakumbuke kwamba Gentile ndiye aliyetumwa na Jamhuri ya Venice mwaka 1479 kwa Sultani Mehmed II, Istanbul. Giovanni naye ajitambulisha mwenyewe: katika picha yake ya Leonardo Loredan, mtawala wa Venice, iliyoko National Gallery, London, tazameni chini kabisa, kwenye ukingo, mtaona kikaratasi kilichochorwa pamoja na mikunjo yake, kimeandikwa IOANNES BELLINVS. Nilikikuza kikaratasi hicho kwenye skrini hadi kila herufi ikasomeka, na furaha niliyoipata siwezi kuificha.

Waliotaka nimwache Hilderaldo Bellini kwa kuwa ni Mbrazili sikuwasikiliza, kwani majina ya Kiitalia yalivuka bahari pamoja na wahamiaji. Akiwa nahodha wa Brazil iliyoifunga Sweden 5–2 katika fainali ya Kombe la Dunia la soka ya mwaka 1958, aliliinua kombe juu ya kichwa kwa mikono miwili, baada ya wapigapicha waliokuwa nyuma kumwomba walione. Nilimpa nafasi sawa na ya Vincenzo, na wanafunzi walianza kusoma kwake.