Maswali 300 ya chemsha bongo: nilipofikia

Wiki ya 1

Nimeanza kukusanya maswali 300 ya maarifa ya jumla, ya kuchezesha marafiki wala si ya kuwakomoa. Usiku mmoja tu nimeandika 60 na kujiona fundi. Mtu mzima ana mifupa mingapi? 206. Nani alichukua Kombe la Dunia la kwanza, mwaka 1930? Uruguay, walipoifunga Argentina 4–2. Kwa mwendo huu namaliza mwezi huu huu.

Wiki ya 2

Simalizi mwezi huu.

Nimewajaribu watu sita. Swali la 14 lilikuwa "Mlima mrefu kuliko yote duniani ni upi?" Watano wakaandika Everest, mmoja akaandika Mauna Kea. Nikamnyima alama, naye akagoma kuendelea mpaka tuzungumze. Ana hoja. Everest ina mita 8,849 kutoka usawa wa bahari, lakini Mauna Kea wa Hawaii umezama zaidi ya nusu; ukiupima kuanzia sakafu ya bahari unapita mita 10,000. Mwingine akadakia Chimborazo wa Ecuador, kwa kuwa dunia imetuna kwenye ikweta na kilele chake ndicho kilicho mbali zaidi na kitovu cha dunia. Mlima mmoja, majibu matatu, na jioni ikaishia hapo.

Sasa swali linasomeka: "Mlima upi una kilele kilicho juu zaidi kutoka usawa wa bahari?" Halina ladha kama lile la kwanza, ila halina ugomvi. La mto mrefu zaidi nimelifuta kabisa. Nile au Amazon, inategemea unaanza kuhesabu kwenye kijito kipi, na wapimaji wenyewe bado wanavutana.

Wiki ya 4

(Ya 3 niliipoteza kwa uvivu.)

Nimegundua maswali huchacha kama maharage. Orodha za zamani bado zina sayari tisa, wakati Pluto ilivuliwa cheo mwaka 2006. Nchi yenye watu wengi zaidi ilikuwa China miaka nenda rudi, hadi India ilipoipita mwaka 2023. Miezi ya Zohali ndiyo usiseme: mwaka 2025 ilitambuliwa mipya 128 kwa mkupuo, jumla ikafika 274. Kinachonichekesha ni mji mkuu wa Kazakhstan. Aliyeandika Astana mwaka 2018 alikuwa sahihi, mwaka 2019 akawa amekosea kwa sababu mji uliitwa Nur-Sultan, na mwaka 2022 akawa sahihi tena bila kugusa daftari lake.

Kila swali la aina hiyo sasa lina alama nyekundu na tarehe niliyolihakiki. Yapo 47.

Wiki ya 6

Majibu ya kuchagua. Hapa ndipo muda wangu mwingi ulipokwenda. Mji mkuu wa Australia niliuwekea Canberra, Lima, Oslo na Hanoi. Wote wakapata, na hakuna aliyefurahi. Nilipoweka Sydney na Melbourne kando ya Canberra, watu wakaanza kuuma kalamu. Jibu la uongo lazima liwe na sura ya kuaminika. Nikaongeza na maelezo mafupi ya kusoma baada ya jibu: Sydney na Melbourne ziligombea heshima hiyo, mwaka 1908 likachaguliwa eneo jipya kati yake, na mji ukajengwa kuanzia mwanzo. Waliokosa ndio walioyakumbuka vizuri zaidi wiki iliyofuata.

Wiki ya 7

Nimefika 211. Leo nimelipitia swali nilipendalo kuliko yote: "Siku ya sayari ipi ni ndefu kuliko mwaka wake?" Jibu ni Zuhura, kwani hujizungusha mara moja kwa siku 243 za dunia, na hulizunguka jua kwa 225. Kila nilipolitoa, chumba kizima kilinyamaza.

Nalo ni bovu. Zuhura hujizungusha kinyumenyume, kwa hiyo kutoka mawio ya jua hadi mawio mengine ni kama siku 117 tu. Mtu wa Mauna Kea akilisikia, nimekwisha. Nimeliandika upya: "Sayari ipi huwahi kumaliza kulizunguka jua kabla haijajizungusha mara moja?" Nitalijaribu Jumamosi, naye nimemwalika.